Nilivyopalilia Kaburi la Dada Yangu Aberdeen

Siku tulipopata habari ya kifo cha dada yangu Skolastika, mama yangu alishuka kitandani, na hajapanda tena mpaka leo. Kwetu Umatengo mfiwa hulala chini, kwenye mkeka, mpaka tanga lianuliwe. Kwa kawaida ni siku chache tu. Mama alikataa. Alisema Skolastika ameacha mtoto, mtoto huyo yu hai huko Ulaya, na yeye ndiye wa kuja kumshika mkono amwinue. Padri alikuja kumweleza kwamba misa imesomwa na marehemu amepumzika. Wazee wa ukoo nao wakaja kwa zamu. Mama aliwapa uji, akawasikiliza kwa adabu zote, akabaki palepale chini.

Anayeifahamu Mbuji, kijiji chetu cha milimani, ataelewa hofu yangu. Mwezi wa sita na wa saba baridi yetu haina utani, na mama ana zaidi ya miaka themanini. Msimu wa kwanza wa baridi ulimwachia kikohozi ambacho hakikuisha hadi kahawa ilipochanua. Msimu wa pili ukawa unakaribia. Mke wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliniambia tukiwa shambani kwamba bibi hatauvuka huo akiwa sakafuni. Hapo ndipo nilipoamua kwenda mwenyewe kumleta mjukuu.

Mjukuu mwenyewe anaitwa Kirsty, ana miaka ishirini na sita, ni muuguzi kama alivyokuwa mama yake. Skolastika aliolewa na Mskoti aliyekuja Mbinga kuchimba visima vya maji, wakaondoka dada akiwa mjamzito, wakaenda kuishi Aberdeen, mji wa pwani ya kaskazini mwa Uskoti. Ndoa ilivunjika, mume akahamia nchi nyingine, dada akabaki na binti yake. Alirudi nyumbani mara moja tu, baba alipofariki, tena peke yake. Alipougua, alituficha. Alipokufa, alizikwa kulekule. Sisi tulimzika kwa simu.

Jumatatu alfajiri niliondoka Mbuji kwa pikipiki, sanduku limefungwa nyuma kwa mpira, mvua ya mwezi wa tatu inanyesha kama imetumwa. Ndani ya sanduku kulikuwa na suti yangu ya ualimu, maana nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na nne kabla ya kustaafu, na kilo mbili za kahawa ya shamba la baba, niliyoikaanga mwenyewe. Mama hakuniagiza mambo mengi. Aliniambia nikifika nimwambie mtoto kwamba bibi yake anamngoja.

Mbinga nilipata gari la Songea, nikalala Songea, na Jumanne kutwa nzima nilikuwa barabarani kwenda Dar es Salaam. Habari za ndege sitawachosha nazo. Nilibadilisha mara mbili, nikapotea mara moja, na mama mmoja Mhindi alinionyesha jinsi ya kufungua kisahani cha chakula. Nilikuwa nimefundisha ramani ya Ulaya maisha yangu yote, nikielekeza kwa fimbo, na sasa niliiona kwa juu, nayo ilikuwa mawingu matupu.

Alhamisi mchana nilitua Aberdeen. Kirsty alikuwa amesimama kwenye umati wa wapokeaji, nami nilimtambua kabla hajaniona, kwa sababu alisimama mkono kiunoni na uzito mguu mmoja, kama Skolastika alipokuwa akisubiri ndoo ijae bombani. Alikunja magoti kidogo akasema, "Shikamoo, Mjomba." Alilitamka polepole, kila herufi mahali pake. Nikasema marahaba, mama, na machozi yakanitoka mbele za watu. Sikuona aibu.

Nyumba yake ni chumba cha kulala, jiko na sebule, ghorofa ya tatu, hakuna hata kiganja cha udongo. Aliniambia walikuwa na nyumba ya chini yenye bustani ndogo nyuma, ya kupanga, ila baada ya msiba mwenye nyumba akaitaka. Alinipa kitanda chake, yeye akalala kwenye kochi. Nilikataa, akasema mama yake alimfundisha kwamba mgeni halali kwenye kochi. Asubuhi alichemsha ile kahawa niliyokuja nayo, akainusa kwanza, halafu akanywa vikombe viwili bila sukari. Tulizungumza Kiingereza, changu cha ubaoni na chake cha huko, ambacho mwanzoni kilinikimbia kama panya.

Ijumaa alinitembeza mjini. Aberdeen ni mji wa zamani sana, na karibu wote umejengwa kwa jiwe moja la kijivu. Makanisa, benki, shule, nyumba za watu, hata kuta za bustani, zote ni jiwe lilelile. Mvua ikinyesha unakuwa kama mji wa majivu. Jua likitoka baada ya mvua, mawe yote yanameta vijipunje vya fedha, na watu wanasimama kidogo barabarani kana kwamba wamesamehewa kitu. Kirsty alinipeleka kwenye shimo lililotoa mawe hayo, siku hizi limejaa maji meusi, na mimi Mmatengo ambaye nimelima kwenye ngoro, vile vishimo vyetu vya kupandia mlimani, tangu utoto nilikiri kwamba sijapata kuona shimo la namna ile.

Upande wa kaskazini tuliona mji wenyewe wa kale, wenye vijia vya kokoto na kanisa kuu lenye minara miwili, dari lake la mbao limechorwa ngao za wafalme na maaskofu waliokwisha sahaulika. Mbele kidogo kuna daraja la upinde mmoja lililojengwa zama za kati, na bado linavukwa kwa miguu. Nililigonga kwa kisigino kama fundi. Kwetu daraja la mto likipita masika matatu tunalishukuru.

Saa nane mchana tulifika mdomo wa bandari, kwenye kijiji cha kale cha wavuvi, vijumba vya mawe vimeipa bahari mgongo. Nilifundisha Mbaha miaka kumi na moja, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa hiyo maji makubwa siyaogopi. Lakini ziwa letu hata likichafuka lina rangi. Bahari ile ilikuwa na rangi ya sufuria, na upepo wake ulipita kwenye suti yangu kama sikuvaa kitu. Tulikaa kwenye benchi, nikaona hakuna wakati mwingine utakaokuwa mzuri kuliko huo.

Nikamweleza yote. Mkeka, kikohozi, padri, uji. Sikuremba. Kirsty alisikiliza akitazama meli moja nyekundu iliyokuwa inaingia. Nilipomaliza aliniuliza swali moja ambalo sikulitarajia: amshike bibi mkono upi, wa kulia au wa kushoto.

Nilimwambia wowote.

"Nitakuja, Mjomba," akasema. "Likizo nimeshaomba tangu uliposema unakuja. Niliogopa tu kukuambia, nikidhani labda hamnitaki."

Nawaambieni ukweli, sijapata kufurahi namna hiyo tangu nilipofunga ndoa. Nilimpigia mke wangu palepale. Yeye akapeleka simu kwa mama, na mama akaimba kipande cha wimbo wa kanisani kwa sauti yake ya kukwaruza, mjukuu akasikia. Kirsty alicheka, akajifuta macho kwa mkono wa koti. Halafu alininyooshea kidole ng'ambo ya mto unaomwaga maji bandarini, kwenye mlima wenye mawe madogo yaliyopangwa safu safu, akasema mama yake yuko kule. Tungekwenda wote Jumapili baada ya misa, maana Jumamosi alikuwa zamu hospitalini. Akasema kuna kitu huko anataka nikione.

Jumamosi asubuhi alikwenda kazini, nikabaki peke yangu na furaha yangu. Mtu mwenye furaha hatulii. Nikawaza: mimi ni kaka wa marehemu, nimefika mji aliolala, na nimelala siku mbili bila kwenda kumsalimia. Huo si uungwana. Nikawaza pia kwamba kwetu ndugu hawapelekwi kaburini kama wageni wa serikali. Anatangulia mmoja, anapasafisha, ili wengine wakija wakute pamekaa vizuri. Nikachukua kisu cha jikoni na kijiko kikubwa cha chuma, nikavifunga kwenye gazeti, nikavuka daraja kwa miguu.

Makaburini nilitafuta karibu saa nzima. Nilipoliona jina lake kwenye jiwe, Skolastika, kwa herufi zilizochongwa vizuri, nililipapasa kwa kidole. Na hapohapo nikaona nyasi.

Ndugu zangu, nyasi zilikuwa zimelifunika kaburi lote, nene, kijani, kama hapana mtu chini yake. Hakuna tuta. Hakuna udongo. Kwetu kaburi lenye nyasi ni la mtu asiye na ndugu, na kila Novemba, siku ya marehemu wote, ukoo mzima unakwenda na majembe, na ole wao ambao kaburi lao litakutwa na unyasi mmoja. Katikati ya nyasi zile kulikuwa na machipukizi mengine, majani membamba yaliyosimama kwa vifungu, kama vitunguu. Nilichomoa kimoja. Chini kilikuwa na kichwa cheupe chenye ganda, kitunguu kabisa, ila hakikunuka. Nikasema, hata gugu la mji huu limemzoea dada yangu.

Nilikaa nikalia kwanza. Nikamlaumu Skolastika kwa kufia mbali, nikamlaumu yule mume, na nakiri hapa, nilimlaumu kidogo na mtoto. Kisha nikavua koti nikafanya kazi.

Nilianzia miguuni nikaja kichwani, kama inavyotakiwa. Nyasi nilizikata kwa kisu vipande vya mraba, nikaziinua na mizizi. Vile vitunguu vilikuwa vingi, vimezama, nikavifuata kimoja kimoja kwa kijiko. Mkulima anajua gugu lenye kichwa halitoki kwa kukatwa majani. Nikavikatakata vyote visije vikaota tena. Na kwa kuwa Mmatengo hatupi nyasi, huzilaza akazifukia zioze ziwe mbolea, nilichimba mfereji pembeni nikavilaza humo pamoja na nyasi, nikafunika. Bwana mmoja mwenye mbwa alipita, akasimama, akauliza kama niko salama. Nikamjibu kwa fahari kwamba huyu ni dada yangu. Aliinamisha kichwa akaenda zake.

Hadi saa saba udongo ulikuwa wazi, mweusi, nimeusawazisha kwa kiganja na kuchora msalaba katikati kwa kidole. Nikasali rozari. Nikamweleza Skolastika kwamba mtoto amekubali, kwamba mama atapanda kitandani. Nilirudi na kucha zimejaa udongo, nikaosha kisu, nikakirudisha mahali pake, wala sikumwambia Kirsty. Nilitaka akaone mwenyewe.

Jumapili tulisali, watu wachache, nyimbo nyingi. Baada ya misa tulipanda basi hadi ng'ambo ya mto. Kirsty alikuwa mchangamfu, akinieleza kwamba mwaka huu vimewahi, wiki iliyopita vilikuwa vimefika kimo cha kidole, na pengine viwili vitatu vitakuwa vimefunguka. Nilimwuliza nini. Akasema maua. Bado sikuelewa. Nilidhani anasema habari za bustani fulani tutakayoipita njiani.

Tulipolifikia kaburi nilisogea pembeni ili aone vizuri. Nilikuwa natabasamu. Hilo ndilo nisilojisamehe kuliko yote, kwamba nilikuwa natabasamu.

Kirsty alitazama. Akatazama jiwe, kama mtu anayehakikisha jina. Akaniuliza kwa sauti ya chini sana yako wapi. Nikamwonyesha mfereji. Alipiga magoti na gauni lake la kanisani, akafukua kwa vidole, akatoa vipande vya vile vitunguu, kumbe ni vya maua, akawa anaviunganisha kiganjani, kimoja na kimoja, havikushikana. Nilimwambia kwa Kiingereza changu kwamba nilidhani ni magugu.

"Mama alivipanda bustanini mwaka niliozaliwa," akasema. "Nyumba ilipochukuliwa nilivichimba vyote, nikamletea. Sina kitu kingine alichokishika."

Nilianza kueleza. Mwalimu hana dawa nyingine, akikosea anaeleza. Nilimweleza habari ya Novemba, majembe, ukoo. Nikasema, nami nilidhani nasema la kumliwaza, kwamba kwetu kaburi likiachwa na nyasi, watu husema marehemu hana mtu. Aliinua uso akanitazama, na hapo nikasikia nilichokisema.

"Mtu alikuwa naye," akasema Kirsty. "Mimi. Nilimwogesha miezi saba. Ninyi mlikuwa wapi?"

Tusingeweza kuwapo, hatukujua, Skolastika mwenyewe alitaka tusijue. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja lililofaa kusemwa pale. Nilipiga magoti nikataka kumsaidia kutafuta vipande. Akanizuia kwa mkono, bila ukali.

Jumatatu alinipikia, Jumanne akanipikia. Hakunisusa. Laiti angenisusa au kunitukana, kwetu mtu akitukana ujue kesho mtasemezana. Alikuwa na adabu ya muuguzi mbele ya mgonjwa wa mwenzake. Vile vipande aliviweka kwenye bakuli lenye udongo, dirishani, na kila nilipopita sebuleni nilivipa mgongo. Jumanne jioni nilimwomba msamaha kwa mara ya nne, nikamwuliza kuhusu bibi. Alisema ameshawaandikia kazini kufuta likizo. Alisema hawezi kwenda mahali ambapo watu watamwangalia na kupima kama alimpenda mama yake. Nilimwapia kwamba hakuna atakayempima. Akaniuliza, "Wewe hukunipima?"

Jumatano asubuhi alinisindikiza uwanjani. Alinipa mkono. Hakusema shikamoo na mimi sikuwa na uso wa kuidai. Nilipofika ndani niligeuka, nikamwona anaondoka kwa ule mwendo wa Skolastika, na nikajua kwamba nimempoteza dada mara ya pili, safari hii kwa mikono yangu. Kwa miaka mingi niliwaandikisha watoto methali ya mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mwenyeji nilimkuta na jeraha linaloanza kufunga, nikalifungua kwa kijiko.

Ndege, Dar es Salaam, barabara. Sikumbuki mengi. Basi la Songea liliharibika mahali, abiria wakashuka wakalalamika, mimi nilibaki kitini nikishukuru kwamba bado sijafika. Ijumaa alasiri pikipiki ilinishusha Mbuji. Mke wangu alitoka mbio akitazama nyuma yangu, akatazama njia, kisha akanipokea sanduku.

Wenzangu wastaafu waliniambia niandike safari hii, niseme nimejifunza nini, kwa kuwa si wengi hapa waliofika Uskoti. Nimejifunza kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Hilo nilikuwa nalijua hata kabla ya kupanda ndege. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kutenda jambo jema kabisa la kwao, kwa moyo mweupe, magoti yake yakiwa chini, na likawa ubaya usio na dawa. Kirsty namwandikia kwenye simu kila Jumapili. Alama zinaonyesha amesoma. Hajajibu.

Siku ile niliyorudi, mama alikuwa ameketi mkekani amevaa kanga mpya, amesukwa nywele kwa ajili ya mgeni. Nilikaa chini mbele yake, nikamwambia kwa Kimatengo kwamba mtoto amezuiwa na kazi. Ulikuwa uongo, na nadhani alijua. Alipapasa ukingo wa mkeka. Halafu akaniuliza kaburi la Skolastika likoje.

Nikamwambia ni safi. Nikamwambia hakuna hata unyasi, nimeng'oa wote mwenyewe.

Mama alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanibariki kama siku ya kipaimara. "Asante, baba," akasema. "Kumbe hukwenda bure."

Kisha akajilaza palepale, akaniomba nimsogeze karibu na moto, maana sakafu imeanza kuwa baridi.